Mkono wa Kushoto wa Mto

Stefania alifika kwenye ziwa dogo lililo chini ya kijiji chao siku ya tatu baada ya perege kuanza kuelea matumbo juu. Maji yalikuwa yamegeuka kijani, mazito, yananuka. Mvuvi Evaristi alimwonyesha wavu wake uliogandwa na utando.

"Kuna mtu katutilia sumu," alisema.

"Si sumu, kaka. Ni chakula kilichozidi. Mwani umekishiba, ukatanda, kisha ukafa na kuoza. Ukioza unamaliza hewa ya samaki."

"Na hicho chakula kimetoka wapi?"

Hilo ndilo lililomtoa Stefania kwenye maabara ya maji mjini Sumbawanga. Akabeba kisanduku chake cha kupimia, akaanza kuufuata mto kuelekea juu. Kila mito miwili ilipokutana, alichota maji ya kila mkono wa mto, akadondoshea dawa, akangoja. Maji safi yalibaki meupe. Yenye fosfeti, ile inayotoka kwenye mbolea, yaligeuka bluu. Mara mbili bluu iliyokolea zaidi ilimwelekeza kulia. Mara ya tatu ilimwelekeza kushoto, kwenye mkono alioujua tangu utotoni. Ulipita shambani kwa baba yake.

Alipima juu ya shamba: meupe. Akapima chini yake: bluu iliyokolea. Kati ya vipimo hivyo viwili mahindi yalikuwa yamesimama hadi ukingoni, mahali palipokuwa na matete ya kuchuja maji ya shambani.

Baba yake, Mzee Teodori, alimkuta amechuchumaa pale.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona unanipimia shamba kama polisi?"

Stefania alimweleza yote bila kuficha. Mzee alisikiliza, jembe begani.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyeua samaki wa Evaristi."

"Ni sisi, baba. Nani alikupigia simu ufyeke matete upate eka mbili zaidi? Nani alikutumia mbolea? Si mimi?"

Mzee aliondoka, na jioni hiyo alikula peke yake.

Ofisini, mkuu wake Benjamini alimwambia kwenye ripoti angeweza kuandika tu "mashamba ya juu". Stefania aliandika wazi kuwa ni shamba la baba yake, kisha akaomba mkutano wa kijiji. Aliposimama kusema, alieleza pia kwamba ni yeye aliyemtumia baba yake mbolea. Kukawa na minong'ono. Ndipo Teodori akainuka.

"Anayosema ni kweli," alisema. "Nimekosa. Lakini anyooshe mkono ambaye hajalima mpaka majini."

Hakuna mkono ulionyooshwa. Wakabishana hadi jua kuelemea magharibi, wakakubaliana kuacha mita sitini kila upande wa mto bila kulima. Mwezi uliofuata Teodori alikuwa wa kwanza kurudisha matete, akayapanda kwa mikono yake. Msimu ule ghala lake halikujaa.

Na mwaka uliofuata ziwa likawa kijani tena.

Evaristi alimpigia Stefania simu kwa hasira. "Mlituambia nini pale mkutanoni?"

"Tope la chini limehifadhi mbolea ya miaka yote, kaka. Linaiachia kidogo kidogo."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Ilinipasa niwaambie siku ile. Niliogopa mngekata tamaa."

Evaristi akasema atateremka Ziwa Rukwa kuvua mpaka hali ibadilike, akakata simu.

Jumamosi hiyo Stefania alipanda kwa baba yake na kumweleza. Mzee aliyatazama matete yaliyokuwa yamefika kiunoni, akauliza kama basi anaweza kurudi kulima pale, maana hasara ameipata na faida haionekani.

"Shamba ni lako, baba. Lakini ukilima, tutaanza kungoja upya."

Mzee aliguna. Akaingia kwenye matete, akang'oa mahindi mawili yaliyojiotea, akayatupa upande wa shamba. Akamwambia wakanywe togwa kabla halijachacha.