Shimo la Mheshimiwa

Udongo mweusi uliomwagwa kando ya barabara ya Kiegeani ulipendeza macho, na hicho hasa ndicho kilichomkera Bi Mize. Jana aliupiga mtaimbo, ukalia ngwa! Shubiri moja tu chini palilala kifusi: mapande ya zege na kokoto zilizoshindiliwa na mtambo wa barabara. Aibu ya maiti aijuaye mwosha.

Mwaka jana kikundi chake cha wanawake kilipanda miche arobaini ya mikungu mahali hapohapo, iwe kivuli cha wapita njia. Yote ilikauka. Hakuna aliyeuliza chini kuna nini. Kijiji kizima kilisema Mize ana mkono wa kuua miti, na hata harusini wakamwimba. Ilimuuma, na mpaka leo inamuuma. Mtu aliyekuza shamba zima la minazi la marehemu baba yake, aje asimangwe kwa mikungu!

Kwa hiyo alimfuata msimamizi wa kazi, Valence, aliyemwajiri mwaka huu kupanda miti upya, akamwambia wazi. "Kifusi kitoke chote. Mashimo yawe mapana, udongo utifuliwe, uchanganywe na samadi iliyooza. Siku tatu zanitosha."

"Mama, mgeni rasmi anakuja kesho kupanda mti wa kwanza. Tufukie tu, picha zipigwe. Mengine baadaye."

"Baadaye hiyohiyo ndiyo iliyoniaibisha mwaka jana."

Valence alicheka, akaenda zake kusimamisha turubai.

Basi mgeni akaja. Akaupanda mkungu kwenye kishimo kisichozidi kina cha sufuria, akamimina ndoo ya maji, watu wakapiga makofi. Maji yakatuama. Makofi yakaisha, maji bado yapo palepale, hayana pa kwenda.

Bi Mize akatoka mstarini, akainama, akaung'oa mkungu.

Muziki ukazimwa. Valence akaja mbio. "Mama, umepagawa? Nakufuta kazi sasa hivi!"

"Nifute. Lakini jina langu hulizikii tena kwenye kifusi chako."

Mgeni, aliyelingana umri na kitindamimba wake, alibaki na matope mikononi. "Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Nishikie huu. Simama kivulini, mizizi isiungue na jua."

Mheshimiwa akaupokea, akasogea kivulini kama alivyoambiwa.

Bi Mize akashika mtaimbo. Pande la kwanza la zege alilitupa juu ya zulia jekundu, la pili likalifuata. Mwenzake Sabra alivua viatu vya sherehe, akashuka na koleo, na wanawake wengine wakaanza kukunja mikono ya magauni.

Valence, jasho likimtiririka, alimkimbilia mgeni ampokee mti.

"Mwache nao," Bi Mize akasema bila kuinua kichwa. "Wewe njoo ubebe kifusi chako."