Sanamu la Cosme Lapiga Chafya

Sisi watu wa Valdecabra mtu akipiga chafya tunasema "Yesu!" Hata awe mkwe uliyemnunia, unasema. Sasa Cosme, fundi viatu, huyo alikuwa na mdomo. Padri Evaristo, hakimu wa mambo ya dini, alikwenda kupimwa mguu, akampigia chafya usoni. Cosme akamwambia, "Baba Padri, pangusa kwanza." Basi! Ndiyo kesi hiyo. Hakumtaja Yesu, ni mzushi, achomwe moto.

Cosme akatorokea dirishani, peku. Fundi viatu, peku, milimani, theluji ile! Bibi yangu akifika hapo alikuwa anacheka mpaka mchuzi unaungua, na mchuzi wake wa vitunguu saumu, wajukuu zangu... haya, tuuache mchuzi.

Kwetu mtu akitoroka, linachomwa sanamu lake la majani makavu, na lazima lifanane naye. Quiteria, mkewe, akalivisha mabuti mapya ya mumewe. Cosme kusikia, roho ikamruka. Kuchomwa sawa, lakini mabuti? Alfajiri akaingia ghalani lilimowekwa sanamu, akalivua. Ndiyo kwanza anavaa buti la pili, askari hao mlangoni! Akalisukuma sanamu nyuma ya majani, akajitia joho la sanamu na kofia yake ndefu, akakauka kama gogo.

"Zito hili," askari mmoja akasema.

"Si Quiteria huyo? Hata majani anayalisha soseji."

Wakambeba mpaka uwanjani, wakamfunga nguzoni, kuni mpaka magotini. Quiteria yuko mbele. Akatazama mabuti, akatazama macho. Jicho likamkonyeza.

"Mama yangu," akamnong'oneza bibi yangu aliyesimama kando yake, "mjinga kajileta mwenyewe."

Mwenge huo unakuja. Cosme akisema yeye ni mtu, si ndiyo watamchoma kwa raha zaidi? Na vumbi la majani limemjaa puani. Akajibana, akajibana... "Chyaa!"

"Yesu!" uwanja mzima ukaitikia. Mazoea hayo.

Mwenye mwenge akasimama.

"Nani kapiga chafya?" Padri akauliza.

"Mimi," akasema Quiteria.

"Mimi," akasema bibi.

"Punda wangu," akasema mzee mmoja wa nyuma.

Padri akalisogelea sanamu, akaliinamia, karibu kabisa. Vumbi likampata na yeye. "Haa... haa... chyaa!"

Watu wameduwaa, midomo wazi, hakuna aliyetoa neno. Sanamu ndilo likasema, "Yesu, Baba Padri!"

Quiteria akaruka. "Kasema! Mmemsikia? Mume wangu kasema! Na nyie wengine wote mlikuwa wapi?"

Padri akageuka, akautazama uwanja. Mji mzima umekaa kimya, aliyemtaja Yesu ni mzushi peke yake. Kama kesi ni hiyo, kuni za kuwatosha wote hao azitoe wapi?

"Mfungueni," akasema, huku anapangusa pua.

Cosme akashuka na mabuti yake, akamtazama.

"Afadhali, Baba Padri, leo umepangusa. Haya, lete mguu tupime."