Raba za Gunia la Korosho

Mpwa wangu Evarist, fundi viatu pale Nachingwea, ana kichwa kigumu. Naanza na hilo ili nisilaumiwe peke yangu. Alibuni raba za ajabu: juu gunia la korosho, chini tairi la pikipiki lililokunjwa likapanda mpaka kwenye vidole, kamba hakuna, badala yake mpira wa tyubu unaozungushwa kifundoni mara mbili. Rangi na maandishi ya gunia aliviacha vionekane ubavuni, makusudi kabisa. Ukizivaa unafanana na mtu aliyejifunga miguu asiumwe na nyoka.

"Hizi ni za kupigia picha," nilimwambia. "Siyo za kuvaa siku zote."

"Mjomba, kiatu usichoweza kwenda nacho sokoni siyo kiatu," akajibu. "Nitazivaa kila siku mpaka mzoee."

Na kweli akazivaa. Kanisani, shambani, kwenye foleni ya hospitali. Mwezi wa kwanza watu walicheka, wa pili wakaanza kuuliza. Edina, binti wa kijiji cha Likunja kule Ruangwa aliyekuja kwetu kujifunza cherehani, hakuuliza kitu. Aliomba apimwe mguu. Mambo yalianzia hapo, na Evarist akampenda yule binti mpaka akawa anaimba huku akigonga misumari. Sijawahi kuona furaha ya kuudhi namna ile.

Magunia nilimpa mimi. Nipo kwenye kamati ya chama chetu cha wakulima, na ufunguo wa stoo ulikuwa mfukoni mwangu. Nilimwambia ni mabovu, yametobolewa na panya. Uongo. Yalikuwa mapya, katika msimu ambao magunia yaliadimika, Nachingwea na Ruangwa, na wakulima walipanga foleni wakarudi mikono mitupu. Niliyapitisha mlango wa nyuma kwa sababu nilitaka mpwa wangu anione mjomba wa maana.

Kwetu kijana hajisemei siku ya posa. Anakaa mkekani ameinamisha kichwa, na msemaji wake ni mjomba. Akitoa neno, hata likiwa zuri, ameharibu. Asubuhi ya safari ya Likunja, Evarist alinijia na zile raba miguuni, kazipiga brashi. Nikamwambia avae viatu vya ngozi. Akasema Edina alimpenda akiwa nazo, na posa ataipeleka akiwa nazo. Sababu yangu ya kweli ya kumkataza isingetajika, kwa hiyo tukaondoka hivyo hivyo.

Tulipokelewa vizuri, tukavua viatu mlangoni. Mzee Abel, mjomba wa Edina, alikuwa anapita kwenda kukaa akasimama. Akainama, akaokota raba moja, akaigeuza.

"Mstari wa bluu," akasema. "Gunia la msimu huu."

Akapitisha kidole juu ya ule mstari.

"Msimu huu nimefuata magunia mara sita. Korosho zangu zikalala sakafuni, mvua ikaingia, zikaota ukungu, nikazimwaga kwa koleo. Na ninyi mnakuja kuniposea mtoto mmevaa magunia miguuni?"

Evarist aliinua kichwa. Hakumtazama Mzee Abel, alinitazama mimi, nami nikajua kwamba ameelewa.

"Msemaji," Mzee Abel akanigeukia, "mtoto wenu kayatoa wapi haya?"

Lilitakiwa jibu fupi tu: kwangu. Ningetolewa kwenye kamati, labda ningelala polisi, na Evarist angepata mke. Muda wa kufikiri nilikuwa nao, msiseme nilibabaika.

"Vijana wa siku hizi, mzee mwenzangu," nikasema. "Hata mimi sijui vitu vyao wanavitoa wapi."

Evarist angeweza kufungua mdomo. Hakufungua. Aliishika adabu niliyomfundisha mwenyewe tangu mdogo, akaishika mpaka mwisho, na nilimchukia kidogo kwa hilo. Chumba cha pili Edina alikuwa analia, na sauti ya mama mmoja ikamwamuru anyamaze. Mzee Abel akaturudishia barua ya posa, bado imefungwa.

Goti langu bovu lilikataa kunyanyuka mkekani. Evarist akanishika mkono akaniinua taratibu. Mlangoni akachuchumaa akanivalisha viatu vyangu kwanza, ndipo akavaa zile raba zake. Tukaenda mpaka stendi ya Ruangwa. Pale akaninunulia maji, akaniwekea nafasi upande wa dirishani, akakaa pembeni yangu.

"Mjomba," akasema gari lilipoondoka, "yale magunia yaliyobaki usiniletee."