Kilo za Mama Brenda

Jua lilikuwa halijachomoza Tunduma pale Violet alipobisha ghalani kwa Mama Brenda, amevaa raba za mtumba na kubeba kamba ya kuruka. Alikuwa mwalimu wa mazoezi anayemfuata mteja alipo, na mteja mwenyewe alikuwa huyo mmoja tu. Akimkosa, anarudi Isansa kuchuma kahawa ya mjomba; ndivyo walivyokubaliana nyumbani.

Mama Brenda, mfanyabiashara wa mahindi, alitaka kupanda ngazi za kanisa bila kuhema. Kukonda hakutaka.

"Katika mji huu, ukipungua mwili kidogo tu wanakuletea pole," alisema. "Mara unaumwa, mara biashara imekufa."

Violet alimwelewa. Shangazi yake alipopungua aliletewa uji na wachungaji wawili.

Basi wakafanya mazoezi nyuma ya magunia, mlango umefungwa, na kupimana kwenye mzani wa mahindi. Asubuhi moja uzito ukaanza kushuka. Asubuhi hiyohiyo Fanueli, kuli wa ghala, mtu mwembamba tangu azaliwe, alishindwa kufunga kifungo cha suruali. Kilo zilizomtoka Mama Brenda zilikuwa zimehamia kwake. Makuli wenzake walimpa hongera, mkewe akaipanua suruali, na kazi ikaendelea.

Mwezi ulipoisha Fanueli alikuwa na kitambi cha tajiri, na gauni la Mama Brenda lilimpwaya. Mama Brenda alimtazama kuli wake kwa muda mrefu. Violet aliogopa hasa. Aliona kazi imekwisha.

"Kumbe mwili wangu haujapotea," Mama Brenda alisema, akacheka. "Uko hapahapa ghalani. Atakayeniletea pole nitamwonyesha. Na wewe Fanueli, kwa mwili huo gunia moja ni uvivu. Beba mawili."

Habari zikaenea. Wenye maghala wakamwita Violet mmoja baada ya mwingine, na makuli wao wakanenepa kwa zamu. Violet alipanga chumba, akampigia mama yake simu, akaimba akifagia. Alikuwa na furaha na hakuificha.

Siku moja alimkuta Fanueli amekaa chini, jasho linamtoka.

"Dada mwalimu, huu mwili umekuja peke yake," Fanueli alisema. "Chakula hakikuja nao. Mimi tangu jana mchana sijatia kitu mdomoni."

Violet aliona aibu. Aliingia ndani akamwomba Mama Brenda awapikie makuli wake chakula cha mchana. Mama Brenda alikuwa akichuchumaa na kuinuka, mwepesi kama msichana.

"Chakula?" aliuliza. "Umewaona walivyonona?"

Violet alitoka nje. Alimkatia Fanueli nusu ya chapati yake, akamsubiri amalize kutafuna.

"Usiliinamie gunia," alimwambia. "Chuchumaa, mgongo wima, inuka kwa mapaja."

Fanueli akachuchumaa, akatwishwa magunia mawili, akainuka bila kuguna. Alitembea nayo hadi kwenye lori, na aliporudi alikuwa anatabasamu.

Kesho yake, kabla lori la kwanza halijafunguliwa, makuli wa mtaa mzima walikuwa wamejipanga nje ya ghala, vitambi mbele, wakimsubiri mwalimu wao. Hakuna aliyekuwa amekunywa chai. Violet akavua koti, akasimama mbele yao, akachuchumaa, akaanza kuhesabu.