Anayeuliza Analolijua

Siku Verlene Tolliver alipoitwa shuleni kuambiwa kwamba mjukuu wake ana akili pungufu, alivaa gauni lake la kanisani na kofia yenye utepe wa zambarau. Alidhani anaitwa kusikia sifa. Marquel alikuwa na miaka saba, na kila Jumapili kabla ibada haijaanza alimsomea bibi yake matangazo ya kanisa, nani mgonjwa, nani kafiwa, akina mama wanapika nini, bila kugugumiza. Mlezi wa mtoto wa namna hiyo akiitwa shuleni, hawazi mabaya.

Walimkalisha kwenye kiti kifupi cha watoto, wakamweleza kwa sauti ya kubembeleza. Mtoto amepimwa. Ameonyeshwa picha za mbwa, mwavuli na kijiko, akaulizwa hivi ni vitu gani, naye akakaa kimya kama gogo. Akaulizwa rangi, kimya. Akaulizwa ana masikio mangapi, akainamisha kichwa. Verlene akasema lazima pana kosa, maana huyo mtoto nyumbani anaongea mpaka watu wanamwomba awapumzishe. Wakatabasamu. Walezi wote husema hivyo, walimwambia, na walimwita Verlene kavukavu, bila hata Bi, wanawake wenye umri wa binti yake. Darasa maalumu litamsaidia, walisema. Akatia sahihi. Nani anakataa msaada?

Msaada wenyewe ulikuwa chumba cha mwisho kwenye korido, karibu na mtambo wa kuchemshia maji. Watoto wa humo wote walikuwa Weusi, ukimtoa msichana mmoja wa Kizungu aliyezaliwa na maradhi. Kazi yao ya asubuhi ilikuwa kutenganisha uma na vijiko vya ukumbi wa chakula. Mwaka ukaisha, wa pili ukaingia, Marquel anatenganisha uma na vijiko. Wakati huohuo Cody Brannen, mtoto wa Kizungu aliyeanza naye darasa moja, alikuwa hawezi kusoma hata jina la mtaa wake. Huyo alitafutiwa mwalimu wa kukaa naye maktaba nusu saa kila siku, kisha akarudishwa kwa wenzake. Cody anachelewa kidogo tu, walisema. Mgonjwa alikuwa Marquel. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, lakini mji ule mdogo wa Georgia ulikuwa na macho yanayochagua cha kuona.

Verlene hakuwa mtu wa kelele. Alifua mashuka hospitalini, na kazi ile humfunza mtu kusugua doa mpaka litoke. Kila alipopata mapumziko alikwenda shuleni, akaketi kwenye benchi la ofisi na pochi yake mapajani, hasemi kitu, mpaka wakachoka kumwona. Mwishowe wakakubali mtoto apimwe upya, na bibi aruhusiwe kukaa nyuma ya chumba, kwa sharti kwamba hatafungua mdomo.

Mpimaji alikuwa mgeni katika mji ule, mwanamke wa Kizungu mwenye sauti ya upole aitwaye Bi Lindqvist. Aliweka picha mezani.

"Hiki ni nini, Marquel?"

Kilikuwa kijiko. Marquel aliitazama picha, akamtazama mwanamke, kisha akageuka akamtazama bibi yake, kwa uso wa mtoto anayengoja kuambiwa amefanya vyema. Akafunga mdomo.

Verlene alimjua aliyemfunza mtoto ukimya ule. Alikuwa yeye mwenyewe.

Kwao, mtu mzima hamwulizi mtoto jambo analoliona kwa macho yake. Unamwuliza kuku katagia wapi, au nani kapita barabarani, kwa sababu hujui. Lakini kumshikia mtoto kijiko na kumwuliza ni nini, huo ni wazimu au ni mtego. Na swali la namna hiyo likitoka kwa Mzungu, siku zote lilikuwa mtego. Roscoe, kaka yake Verlene, aliulizwa na sherifu kama amemwona nguruwe wa Mzungu fulani aliyepotea. Nguruwe mwenyewe alikuwa tayari amefungwa nyuma ya gari la sherifu. Roscoe, kijana mkweli, akasema ndiyo, alimwona kando ya kijito. Akaulizwa, umejuaje alipo kama si wewe uliyemwiba? Alikwenda kuvunja mawe ya barabara akiwa na mnyororo mguuni, akarudi hawezi kunyoosha mgongo. Tangu hapo mama yao aliwafunza wote neno moja, Verlene akamfunza binti yake, na binti alipofariki akamfunza Marquel, akimfunga kamba za viatu asubuhi ya kwanza ya shule. Mtu akikuuliza jambo analolijua, hatafuti jibu, anakutafuta wewe. Nyamaza.

Na mtoto alinyamaza. Miaka miwili alitenganisha uma na vijiko kwa sababu alikuwa mtiifu.

"Mjibu, baba," Verlene alisema. "Huu si mtego. Mjibu."

Ilikuwa kama kufungulia bomba. Marquel akasema ni kijiko, tena cha supu, si cha chai, na kwamba chumbani kwao wanavyo vingi sana ila baadhi vimepinda kwa sababu Dontrelle, mwenzake wa darasani, anavikalia. Akataja mwavuli. Akataja rangi zote hata kabla ya kuonyeshwa, akahesabu kwenda mbele na kurudi nyuma, akasoma jina lililoandikwa kwenye mkoba wa mpimaji. Bi Lindqvist aliiweka kalamu chini. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema anasikitika sana, sharti limevunjwa na majibu haya hayawezi kuhesabiwa, lakini atarudi mwezi wa tano, ampime tena, na safari hii mtoto ajibu bila kuambiwa na mtu.

Basi kila jioni, baada ya kula, Verlene alisimama jikoni na kijiko mkononi akijiona mpumbavu.

"Hiki ni nini?"

"Kijiko, Bibi. Kwani macho yameharibika?"

"Jibu swali, usinipime mimi. Na hiki?"

"Mkate wa mahindi. Umeungua."

"Nani kakuuliza kama umeungua?"

Walicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Ilikuwa furaha ya kweli, na nyumba ile ilikuwa haijaiona tangu mazishi ya mama yake Marquel. Verlene akamwambia kwamba lile neno la zamani limekufa, wamelizika. Ukiulizwa, sema. Sema unachokijua, sema chote, sema kweli. Alipokuwa akiyasema hayo alijisikia kama anamvua mtoto koti wakati wa baridi, lakini alimvua.

Mwezi wa nne haujaisha, Marquel alikuwa akipeleka sinia la vijiko ukumbi wa chakula. Cody Brannen alikuwa kwenye foleni. Cody alimwita taahira wa vijiko, akalipiga sinia kwa chini, vijiko vikatawanyika sakafuni na ukumbi mzima ukacheka. Marquel akamsukuma. Cody akaanguka kwenye ukingo wa kaunta, jino likakatika. Mwalimu mkuu msaidizi, Bwana Hargrove, alikuwa amesimama mlangoni, ameona yote tangu neno la kwanza.

Alimpeleka Marquel ofisini akamkalisha. Hakumfokea, hilo walimu wote walilisisitiza baadaye. Alimwuliza kwa utaratibu kama ni yeye aliyemsukuma Cody.

"Ndiyo, bwana," Marquel alisema. "Nilimsukuma kwa mikono miwili. Aliniita taahira akamwaga vijiko. Akimwaga tena, nitamsukuma tena."

Akaulizwa nani kamfundisha kumjibu mtu mzima namna hiyo. Akasema ni bibi yake, amemwambia aseme chote, na aseme kweli. Cody naye aliulizwa ilikuwaje. Cody alilia akasema hajui, akapewa barafu na juisi.

Bi Lindqvist alirudi mwezi wa tano kama alivyoahidi. Mtoto alipimwa bila kuambiwa neno na mtu, akajibu yote. Wiki iliyofuata kikao kikaitwa, na Verlene akavaa tena ile kofia yenye utepe, kwa sababu Bi Lindqvist alikuwa amemnong'oneza kwamba matokeo ni mazuri mno.

Matokeo yalisomwa kwanza. Bwana Hargrove aliitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Tumefurahi," alisema. "Mtoto ana akili timamu, kuwapita wengi wa umri wake. Kwa hiyo hatuwezi tena kusema hakujua alichokuwa anafanya. Amekiri mwenyewe, na ameahidi kurudia."

Uamuzi ulikuwa umeiva kabla Verlene hajaketi. Marquel atatolewa kwenye chumba cha wenye akili pungufu, kama bibi yake alivyoomba kwa muda mrefu, na atapelekwa kituo cha watoto wakorofi, wilaya ya jirani, ambako milango hufungwa kwa nje na mlinzi hukaa ndani ya darasa. Bi Lindqvist alianza kupinga. Akakumbushwa kwamba kazi yake ni kupima, na amepima. Kisha Bwana Hargrove akamgeukia bibi.

"Hivi ni wewe, Verlene, uliyemfundisha kujibu vile?"

Verlene alimtazama. Alikuwa na mengi ya kusema, aliyakusanya miaka miwili kwenye lile benchi la ofisi, na yote yalikuwa ya kweli. Lakini swali lile alilijua kwa harufu. Akanyamaza. Bwana Hargrove akangoja kidogo, kisha akawaambia wenzake kwamba wameona wenyewe, na kikao kikafungwa.

Jioni ile Verlene alikaanga nyama ya nguruwe kama Marquel anavyoipenda. Mtoto alikula kidogo. Alikuwa hajasema kitu tangu alipoelezwa kwamba Jumatatu atapanda basi jingine. Verlene alivumilia mpaka akashindwa. Akafungua droo, akatoa kijiko, akakiinua.

"Hiki ni nini, baba?"

Marquel alikitazama kijiko, kisha akamtazama bibi yake bila hasira, kama mtu anayempima mgeni aliyebisha hodi.

"Unakijua, Bibi," alisema. "Unataka nini kwangu?"