Maji ya Ukurasa wa Kwanza

Uweso muuza magazeti aliingia Makorora na baiskeli yake akitokea Ngamiani, suruali imemlowa hadi magotini, na mzigo wa magazeti nyuma yake unadondosha maji barabarani. Mvua haikuwa imenyesha. Bi Mwamvua alinunua nakala yake, akasoma kichwa cha habari, "Maji Yafika Makorora", akalikunja gazeti na kulikamulia kwenye ndoo. Ndoo ilipojaa alikuwa ndiyo kwanza anafika kurasa za michezo, akajaza na karai.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mashirika ya umma yanapigwa bei na kila mwenye mtaji anafungua chake. Bwana Yakoub alikuwa ameshanunua kiwanda cha sabuni. Akanunua na gazeti, si kwa faida, alisema, bali kwa manufaa ya jamii. Aliamini kuwa watu wa Tanga wanapandwa na presha kwa sababu ya habari mbaya. Akalibandika jina jipya, Kheri, na kumwambia mhariri wake, Sabiri, kwamba kuanzia sasa wataandika mema tu, na mema yakishaandikwa yatakuja yenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Kila Ramadhani aligawa tende, na machozi yake yalikuwa karibu.

Mema yalikuja kweli, ila hayakuvuka karatasi. Habari ya barabara mpya ilinuka lami. Habari ya maji ilitoka mtamboni imelowa chapachapa, mafundi wakaanza kwenda kazini na viatu vya mpira.

Makorora walizoea upesi, kama walivyozoea foleni za sukari miaka ya nyuma. Kilicholeta ubishi ni udhu. Maalim Bakar wa msikitini aliyatia maji yale kwenye glasi, akayaonja, akasema yamebadilika rangi na ladha kwa wino: kufulia yanafaa, kupikia maharage yanafaa, udhu hausihi. Lakini ya pambizoni, pasipo na maandishi, ni safi. Wazee wakapeleka ombi, na Kheri likaongezwa pambizo pana kama kiganja. Magazeti yaliyokwisha kukamuliwa hayakutupwa, maana hujui jina la Mwenyezi Mungu limo ukurasa gani. Yalianikwa kambani pamoja na kanga.

Sabiri peke yake ndiye hakuzoea. Bi Mwamvua alikuwa shangazi yake aliyemlea, na Sabiri alijua maji ya Makorora yamekwenda wapi. Siku kiwanda cha sabuni kilipopata mwenyewe mpya, bomba lilikatwa njiani likaelekezwa kiwandani. Alikwenda kuliona kwa macho yake, nene, limepakwa rangi ya kijani. Tangu hapo kila alipoandika kuwa maji yamefika aliona aibu, na aibu ilimfuata mpaka kwa shangazi yake, alikokunywa chai yenye ladha ya wino na kusema ni tamu.

Bwana Yakoub alipokwenda Mombasa kwa shughuli zake, Sabiri aliandika kweli. "Maji ya Makorora Yamo Kiwandani." Gazeti lilitoka kavu, likichakarika. Alijua kuwa siku hiyohiyo Tausi, binti wa shangazi yake, anaolewa, na hilo alilipigia hesabu: kweli ikishasomwa asubuhi, adhuhuri bomba litakuwa limerudishwa.

Adhuhuri alikwenda Makorora amevaa kanzu. Wanaume barazani walimpa mkono, wakamwambia ameandika vizuri sana. Uani masufuria yalikuwa yamepangwa, mchele wa pilau haujaoshwa, na wanawake wameketi juu ya mbuzi za nazi mikono mitupu. Bi Mwamvua alikuwa na Kheri mkononi, amelikamua hadi limechanika.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Nimelisoma lote. Umesema kweli."

Sabiri alisema kama ni hivyo basi na waende kiwandani, sasa hivi, wote.

"Tutakwenda," alisema Bi Mwamvua. "Tukishakula. Hiyo kweli, mwanangu, twaisoma bombani kila siku. Leo naozesha. Nenda kaniletee ule uwongo wenye maji."

Sabiri aliazima baiskeli ya Uweso, akarudi ofisini. Aliandika "Maji Yafika Makorora" akiwa peke yake, na alilia, kwa sababu kuandika kweli ndiyo kazi pekee aliyoitaka tangu utotoni. Toleo lile lilitoka limelowa kuliko yote. Wapishi walilikamua wakapika, wakaonja, wakaona pilau halihitaji chumvi.

Bwana Yakoub aliwahi. Kutoka mpakani Horohoro alikuja moja kwa moja arusini, akakalishwa mkekani mbele. Gazeti la asubuhi alikuwa amelisoma njiani. Hakumfukuza Sabiri. Alimwambia kweli nayo ni njema, ila ina wakati wake, na alipoona wanawake wanavyokamua, machozi yalimtoka, akaahidi kuongeza kurasa. Watu walimshukuru.

Walikula wakashiba. Kisha walinawa mikono kwa maji ya pambizo na sabuni ya Bwana Yakoub, wakaagana, kila mtu akaenda zake kulala.