Mikanda ya Beshik

Mtaani kwetu Margilon, mtoto mchanga halazwi kwenye beshik mpaka niitwe mimi. Wanawake wenye mikono wapo wengi, lakini wa kufunga mikanda ni mimi, Bashorat. Kitanda hicho cha kubembelezea kina masharti yake. Mkanda wa kwanza hupita kifuani pamoja na mikono, wa pili hushika miguu, na miguu lazima inyooke na kubanana, la sivyo kijibomba cha mti cha kupitishia mkojo hakikai sawa na godoro linalowa. Mikanda yangu hailegei. Nimefunga watoto zaidi ya mia tatu, na hakuna mama aliyewahi kunilalamikia godoro.

Nilijifunzia kwa binti yangu, Hilola. Sasa ana miaka ishirini na sita, anafuma hariri, kutwa nzima miguu iko kwenye pedali za kitanda cha mfumi. Kwa miaka mingi alikuwa akisema nyonga ya kushoto inamteleza. Mimi nikamwambia kinachomteleza ni akili, akazane na kazi. Nyonga ilipozidi, nikampeleka kwa fundi wa kuunga mifupa, akamvuta mguu mpaka binti akazimia. Baada ya hapo hata kukaa kwenye kitanda cha kufumia hakuweza. Ndipo tukapanda treni kwenda Tashkent.

Daktari Yodgorov alimfanyia upasuaji kwa kutoboa matundu matatu tu, kila moja si kubwa kuliko ukucha wa kidole. Kwenye tundu moja alipitisha kamera, kwenye mengine vyombo vyake vyembamba. Alipomaliza aliniita chumbani kwake, akanimiminia chai, akanionyesha picha kwenye kompyuta.

"Huu ni ukingo wa kikombe cha nyonga, mama. Ulichanika, nimeushona. Na huu mfuko unaoshikilia kiungo ulikuwa umelegea kama soksi kuukuu, nimeukaza kwa nyuzi nne. Sasa mfupa wa paja hautachezacheza."

"Mungu akupe umri mrefu, mwanangu."

"Amina. Ila kikombe chenyewe hakina kina cha kutosha. Alilala beshik?"

"Nani hakulala beshik? Wewe ulilala mtini?"

Akacheka. "Nililala beshik, mama. Miguu yake ilikuwa ikifungwa imenyooka?"

"Kama mishumaa," nikasema, tena kwa majivuno. "Nilimfunga mwenyewe."

Hapo hakucheka. Aliweka bakuli lake la chai mezani.

"Nyonga ya mtoto mchanga bado ni laini. Akiachwa akunje miguu na kuitanua, kichwa cha mfupa hukaa katikati ya kikombe, na kikombe hukua kwa kina. Ukiibana imenyooka miezi na miezi, kichwa husukumwa ukingoni. Si kila mtoto anaumia, na siwezi kuapa kwamba kwa binti yako ni beshik peke yake. Lakini wasichana huumia zaidi. Na wengi wanaolala kwenye kitanda changu cha upasuaji, nikiwauliza mama zao, hunijibu kama ulivyonijibu."

Nilishtuka hadi nikasahau kumeza chai iliyokuwa mdomoni. Nilitaka kumtukana, na mimi kwa matusi sina upungufu, lakini nikageuka kutazama picha. Kwenye kompyuta nyuzi nne zilikuwa zimekaza ndani ya mwili wa mwanangu kile ambacho mimi nililegeza kwa mikanda miwili ya kitambaa.

Hilola alipozinduka aliniuliza wamesema nini. Nikamwambia wamesema kiungo kimekazwa.

"Kwa hiyo sikuwa mvivu, mama," akasema, anatabasamu kwa ulevi wa dawa.

Nilitoka koridoni nikalia kwa aibu. Sikumwambia lile lingine. Siku tuliyoruhusiwa kuondoka, mwanangu wa kiume akapiga simu: mkewe, Sevinch, amejifungua salama, mtoto wa kike.

Siku ya kumi na moja ya mtoto, siku ya kumlaza beshik, nyumba ilijaa wanawake, pilau imeshaliwa, peremende zimesharushwa. Matluba, mama yake Sevinch, alileta beshik kama desturi inavyomtaka mama wa binti. Ilikuwa imetengenezwa Kokand kwa agizo, imepakwa rangi nyekundu na maua ya njano. Hilola alikaa pembeni, magongo yake mapajani. Nilikuwa nimepanga ujanja wangu: nitafunga kwa kulegeza, wala hakuna atakayejua. Lakini Matluba alipiga magoti kando yangu, kijibomba cha mkojo mkononi, macho kwenye vidole vyangu.

Basi nikaanza mchezo wetu wa siku zote. Nikamlaza mtoto kichwa upande wa miguu.

"Ni hivi?"

"Sivyo!" wakaitikia wote, wanacheka.

Nikamlaza amekingama kwenye godoro, kiubavu.

"Ni hivi?"

"Sivyo!"

Nikamlaza inavyostahili. Nikafunga mkanda wa kifua. Nikashika vigoti vyake nikavishusha, na vikarudi juu vyenyewe, vimetanuka kama vya chura. Nikavishusha tena, vikarudi. Watoto mia tatu walinirudishia magoti hivyo hivyo, na mimi nikidhani ni ukaidi.

"Ni hivi?" nikauliza, maana ilikuwa zamu ya kuuliza.

"Ndivyo!" wakajibu.

"Sivyo," nikasema.

Walicheka, wakadhani nimeongeza utani. Nikarudia. Kicheko kikakatika.

"Mkwe," Matluba akaniambia kwa sauti ya chini, "beshik yetu ina kasoro gani? Sema mbele ya watu, usinifiche."

"Beshik haina kasoro. Mtoto atalala humu humu. Miguu yake haifungwi."

"Na mkojo je?"

"Tutafua nepi. Mikono tunayo."

"Umefunga mji mzima, leo binti yangu amezaa ndipo umepata mwiko mpya?"

Alikuwa ameumia, na alikuwa na haki. Ikabidi niseme yote: kikombe kisicho na kina, nyuzi nne, swali la daktari na jibu langu la mishumaa. Nilisema huku namtazama Hilola, kwa sababu yeye naye alikuwa akiyasikia kwa mara ya kwanza. Uso ulimpauka. Gongo moja lilianguka sakafuni na hakuna aliyeliokota.

Sevinch akaja, akamfungua mwanawe mkanda wa kifua, akampakata. Hakuniomba ruhusa.

Kisha karibu na mlango akasimama Robiya, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mpole asiyezungumza kwenye hadhara.

"Bashorat," akasema, "binti yangu Gulsanam anayechechemea, yule aliyeachwa na mchumba kwa sababu ya mguu. Tulisema amezaliwa hivyo. Alifungwa na nani vile?"

Alikuwa anajua. Wote walikuwa wanajua, na kila mmoja alikuwa ameanza kumkumbuka wa kwake.

"Alifungwa na mimi," nikasema.